Kidani Nilichokuonyesha Badala ya Habari

Mapendo mwanangu,

Barua za kwetu huanza na "mimi mzima, hofu ni kwako tu." Hii siwezi kuianza hivyo, maana mimi si mzima. Nina kansa ya titi, la kushoto. Imeshatoka pale na kufika kwenye mfupa wa mgongo. Daktari aliniambia Jumanne hii. Mkalimani akarudia kwa Kiswahili ingawa nilikuwa nimeshaelewa kwa Kiingereza, kwa hiyo nimeisikia mara mbili. Daktari hakusema itapona. Alisema wataishika isikimbie, na wapo wanaoishi nayo miaka. Dawa naanza wiki ijayo.

Bon. Nimesema. Ukitaka kuacha kusoma hapa ulie kwanza, lia. Barua haiendi popote.

Nimeiweka juu kabisa kwa sababu nakujua. Ningeanza na maneno ya mapenzi, ungerukaruka mistari ukitafuta kilichofichwa huko chini, na ni mimi niliyekufundisha kunisoma hivyo. Safari hii huko chini hakuna kilichofichwa, kuna maelezo tu. Na kuna jambo moja ambalo mwisho wake siujui: kama kesho utapanda basi la Columbus kwenda chuo ukijua hivi, au utatoa nguo kwenye valizi na kubaki. Tantine Noella anasema nikikuambia utabaki, masomo yataharibika, na kosa litakuwa langu. Huenda ikawa hivyo. Nakuambia hata hivyo.

Sasa ni Jumamosi mchana. Umekwenda kusukwa, na kwa rasta nyembamba zile unazozitaka hutarudi kabla ya jioni, kwa hiyo nina nafasi. Naandika Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ni cha kazi, kinajua kusema "tafadhali usiguse" na "choo kiko kushoto." Utasoma polepole kama unavyosoma Zaburi kanisani, midomo ikitembea. Soma hivyo hivyo. Na usinisahihishe.

Sitakuambia uvae koti, ule, usali, ufunge mlango. Una akili, na pale utakapozikosa baridi ya Ohio itakufundisha. Wale wasichana wa Kenya utakaokaa nao karibu na chuo watakicheka Kiswahili chetu cha Uvira. Wacheke, na wewe ucheke chao, nusu yake ni Kiingereza. Mimi nataka kuzungumza juu ya kidani.

Najua umeshakunja uso. Ndani ya nyumba hii neno hilo halijatajwa tangu mwaka ule. Basi letu likipita mbele ya makumbusho ninakolinda, wewe unageuza kichwa upande wa mto. Unadhani sioni? Naona. Kazi yangu ni kuona.

Acha nikueleze kilivyo, maana siku ile nilikueleza huku moyo unanienda mbio. Kiko chumba cha juu, ndani ya sanduku la kioo, kona ya mapambo. Ni kidogo, kinaenea kwenye kiganja cha mtoto. Kilitengenezwa Ulaya mwanzoni mwa karne iliyopita, wakati masonara walipochoka kupanga almasi kama punje za mahindi, wakaanza kutengeneza wadudu, majani, nywele za wanawake. Katikati kuna uso wa mwanamke uliochongwa kwa pembe ya ndovu, macho amefumba. Nywele zake ni za dhahabu, zinateremka pande zote mbili na kugeuka majani. Katikati ya majani wamejaza kioo cha rangi kilichoyeyushwa kwa moto, bluu inayoelekea kijani, kama ziwa letu Tanganyika mvua inapokuja kutoka ng'ambo. Chini inaning'inia lulu moja iliyopinda kama jino. Karatasi ya ukutani inasema aliyekitengeneza hajulikani kwa hakika, na kwamba mwanamke huyo amelala.

Yule bibi anayesimamia mapambo, aliposikia nimetoka Congo, alikuja mbio kuniambia kwamba pembe ile labda ilitoka kwetu. Maskini, alifikiri ananipa zawadi. Nikamwambia, "Mimi sikumjua huyo tembo." Alicheka mpaka akafuta macho. Nilirudi mahali pangu nikasimama na hasira hadi saa ya kutoka, kwa sababu niliwaza wale waliobeba pembe hizo begani kutoka Maniema, na habari zao hazipo kwenye karatasi yoyote ukutani. Lakini kidani chenyewe nilikipenda. Hilo nalo ni kweli, na sikuona haya. Siku nzima unalinda picha kubwa za watu usiowajua, halafu unafika pale, kitu kidogo namna ile, na mtu alikaa nacho mpaka kikawa kizuri.

Sasa papa yako.

Louisville unaikumbuka kwa vipande, ulikuwa mdogo: ile nyumba yenye kapeti ya kijani, na lile basi la shule uliloliogopa. Pale ndipo walipotuleta kutoka kambi ya wakimbizi. Papa yako alipata kazi ya ghala, kazi ya usiku, akaishika. Mimi sikukaa vizuri. Tantine alikuwa huku Buffalo, mtaa wa Riverside, akanipigia kila Jumapili: njoo, nyumba zipo, kanisa lipo, utapata watu. Nikamchosha papa yako kwa kilio mpaka akasema nendeni, mimi nitafuata. Alibaki kwa sababu ya bima ya afya, wewe ulikuwa na pumu na ile bima ilikuwa nzuri. Tukasema mwaka ujao. Kila mwaka tukasema mwaka ujao.

Watu wanadhani kosa langu ni lile moja unalolijua. Kwangu hili ndilo kubwa. Nilimwacha mwanaume mzuri apike mayai peke yake miaka yote ile, aje Buffalo kwa basi kama mgeni, alale kwenye kitanda chake kwa adabu. Unakumbuka alivyokuwa akiuliza, "Taulo nitumie ipi?" Ndani ya nyumba yake! Na mimi nilimjibu, nikamwonyesha taulo, sikusikia alichokuwa anasema. Ukipata mtu wa kukaa naye, Mapendo, kaa naye. Nyumba mbaya yenye watu wake inavumilika. Sisi tulisubiri nzuri.

Alhamisi ile, mwezi wa sita, ilikuwa karibu na saa ya kufunga, nami nimesimama pale kwenye mapambo. Dirisha la chumba kile linatazama maegesho ya magari. Nikaona gari la Mchungaji linaingia. Akatoka Mchungaji, akatoka Mama Mchungaji, akatoka Tantine, wote wamevaa nguo za Jumapili. Siku ya Alhamisi! Hawakuingia ndani. Walisimama kando ya gari, hawazungumzi, wananisubiri.

Mama wee. Nani katika watu wetu asiyeelewa hilo? Hukuambiwa neno na umeshaambiwa yote. Nilijua amekufa mtu, na nilijua ni nani, kwa sababu wewe ulikuwa umeniandikia muda si mrefu ukitaka chapati.

Sikutoka. Zamu ikaisha, sikutoka. Nilimkazia macho yule mwanamke wa pembe nikajiambia, nisipofika kwenye lile gari, Papa Mapendo yuko hai, yuko Louisville, anajiandaa kwenda kazini. Mlinzi mwenzangu akaja kuzima taa, akaniuliza kama niko salama. Nikamwambia miguu inaniuma. Halafu nikashuka ngazi, na kabla sijasikia chochote Mama Mchungaji alikuwa ameshanishika mkono huu na Tantine ule. Moyo wa papa yako ulikuwa umesimama kwenye chumba cha kupumzikia, ameketi. Wenzake walidhani anasinzia.

Kilio kikafanyika nyumbani kwa Tantine, makusudi, ili usione viatu vya watu mlangoni kwetu. Tukakaa. Baba mdogo alikuwa kwenye simu kutoka Louisville, ameshapewa vitu vya kaka yake, na simu pia. Tantine akasema, "Mutoto asijue kwanza. Iko na egzame ya shule wiki inayokuja. Akimaliza, tutamwambia vizuri, tukiwa wote." Mchungaji akatikisa kichwa kukubali. Wanawake wakasema njo vile, ndiyo hivyo. Na mimi nikasema njo vile.

Usifikiri walinilazimisha. Nilishukuru. Kwako peke yako papa yako alikuwa bado hai, na jioni nilikuwa narudi kwenye nyumba ambayo ndani yake kuna mtu wa namna hiyo. Ulikuwa unaniuliza, "Papa atakuja lini na ile baiskeli aliyoniahidi?" nami nasikia utamu, utamu kabisa, halafu naingia bafuni na kufungua maji.

Jumamosi nikakupeleka makumbusho nikuambie. Tantine hakujua. Nilichagua pale kwa sababu nyumbani viatu vya papa yako vya kanisani vilikuwa chini ya kitanda, na pale nilijua sitapiga kelele, heshima ya kazi ingenizuia. Maneno nilikuwa nimeyapanga. Nikakusimamisha mbele ya kidani, nikaanza na dhahabu nipate pumzi, nikaenda kwenye kioo cha rangi, nikaenda kwenye lulu. Wewe ukashangaa. Hukujua mama yako, anayelalamika juu ya miguu kila siku, anaweza kuzungumza hivyo. Ulitabasamu, ukanishika kiuno. Ukainama hadi pua ikakaribia kioo, ukaniuliza, "Mama, huyu amelala ama amekufa?"

Nilitakiwa kufungua mdomo tu. Mimi nimeosha maiti ya mama yangu, nimeosha ya dada yake, najua uso unavyotulia. Ile karatasi ya ukutani sijawahi kuiamini hata siku moja. Nikasema, "Amelala. Imeandikwa pale, soma." Nikakupeleka chini nikakununulia keki.

Na simu. Ulikuwa unampigia papa yako, haishikwi. Ukamwandikia. Baba mdogo akanipigia analia: "Shemeji, mutoto anaandika. Nijibu nini?" Nikamwambia ajibu, "Papa iko kazini. Soma vizuri, mama." Nikampa hata hilo "mama" alilokuita papa yako, ili uamini. Ukaamini. Ukamtumia mioyo.

Kwetu habari mbaya haipelekwi na mtu mmoja. Wazee wanakutana kwanza. Wanakuja pamoja, wanaomba maji ya kunywa, wanakaa, kuna wa kukushika na kuna wa kuondoa watoto, na neno linasemwa mwisho, mikono ikiwa tayari. Mimi sioni aibu juu ya hilo. Nimeona hapa mtu anaambiwa kifo cha mama yake kwa simu akiwa kwenye foleni ya duka, anabaki amesimama na mkokoteni wake, hakuna hata wa kumshikia maziwa. Lakini kule Uvira, wakati wazee wanakutana, hakuna mwingine aliyekuwa na njia ya kukufikia. Sisi tulikaa tukipanga nani atakushika mkono, na picha ya papa yako imeshatoka Louisville, imefika kambini, imefika Australia, ikarudi.

Jumatatu, kwenye korido ya shule, msichana wa kanisa alikuonyesha simu yake na kusema pole. Papa yako na suti, mshumaa umechorwa pembeni, watu chungu nzima wameandika pumzika kwa amani. Watu ambao hata hawakumjua vizuri walikuwa wameshalia wakamaliza. Wewe, unayelala chumba cha pili na mjane wake, ulikuwa unatafuta kalamu ya mtihani.

Ulikuja kwa miguu mpaka kazini. Nilikuona unapanda ngazi, nikajua kwa hatua zako. Ulisimama kando ya kile kidani, na hata katika hasira ile ulikumbuka kwamba pale ni kazini kwangu, ukasema kwa sauti ya chini, kwa Kiingereza: "Papa amekufa, na wewe ulinionyesha kidani." Halafu ukatoa simu, ukanionyesha ule ujumbe, ukauliza ni nani aliyeuandika. Nikakuambia maneno ni yangu, baba mdogo aliandika tu. Ndilo neno pekee la kweli nililokuambia wiki ile, na ndilo lililokuumiza kuliko yote. Niliona rangi inakutoka.

Tulimzika Louisville, ukasimama upande wa pili wa kaburi. Mwaka mzima ulinijibu "oke." Chakula kiko tayari, oke. Tunakwenda kanisani, oke. Ukinikuta jikoni ulinusa hewa kama mtu anayetafuta gesi inavuja. Nikipokea simu ulikuja kusimama mlangoni unisikilize. Nikisema Tantine ana mafua, ulimpigia mwenyewe kuhakikisha yuko hai. Nilikasirika, nikakuambia unanidharau. Nilikosea. Ulikuwa unaogopa tu, na mimi ndiye niliyekutia hofu hiyo.

Donc ungefikiri nimejifunza. Sikiliza nilichofanya.

Uvimbe niliushika mimi mwenyewe mwezi wa tatu, nikioga. Mdogo, mgumu. Nikasema labda ni brazia inabana. Nikasema nitamwambia daktari baada ya graduesheni yako, nisikuharibie sherehe. Nikapiga picha na wewe umevaa lile joho, natabasamu, na mkono wangu wa kushoto umelala hapa, nimekibana kitu kile kwa kwapa. Iangalie ile picha ukiweza. Nilimwambia Mungu tu, na Yeye nikamwambia kwa mafumbo. Daktari aliniuliza nilianza kuusikia lini. Nikasema juzijuzi. Mapendo, nilimdanganya daktari! Uso kwa uso, na mkalimani akatafsiri uongo wangu vizuri sana. Ilibidi Mama Mchungaji, aliyenisindikiza, anikanyage mguu ndipo nikasema ukweli.

Daktari hakusema mwezi wa tatu ungeniponya. Hakusema hapana pia. Aliandika kitu, akaendelea. Mimi nitabaki na swali hilo, si lako, usilibebe. Lakini wewe una mwili wangu. Daktari anataka ujue, na wauguzi wa huko chuoni wajue, wakuangalie mapema. Kwa hiyo hata kama ningekuwa mwoga wa kukuambia kwa ajili ya moyo wako, ningelazimika kukuambia kwa ajili ya mwili wako. Ukishika kitu, siku hiyo hiyo sema. Usinisubiri mimi nimalize shughuli yoyote.

Jumanne jioni tulikaa kwa Tantine. Watu walewale, sofa ileile. Mchungaji akaomba. Na Tantine, anayekupenda kuliko mboni zake, akasema, "Mutoto aende kwanza. Ashike masomo. Akirudi kwa Noeli, tutamwambia vizuri, tukiwa wote." Nikasikia kinywa changu kinasema njo vile. Nakuapia. Kilifunguka chenyewe.

Jumatano uliniona nasukuma ugali kwenye sahani. Ukaniuliza, "Mama, unaumwa?" Nikasema, "Hapana, nimechoka tu, kazi." Nikasubiri unuse hewa. Nikasubiri umpigie Tantine. Ukasema, "Pole, Mama," ukaniondolea sahani, ukaiosha, ukaanza kuimba huku unapanga nguo kwenye valizi.

Uliniamini.

Sijui ni lini ulianza kuniamini tena. Labda kidogo kidogo, na mimi sikutazama. Imekuchukua miaka kurudi kwangu, na siku uliyofika nilikuwa nimekaa na uongo mwingine mkononi. Nilijisikia mchafu. Nimezika mume, nimeacha nchi, sijawahi kujisikia vile. Alhamisi nikamwambia Tantine kwamba nakuambia kabla hujaondoka. Alilia, akaniita mkatili, akaninunia kwenye simu, halafu akapiga tena kuuliza nitakuambiaje. Nikamwambia nitaandika, kwa sababu nikianza kwa mdomo nitakuanzia na dhahabu.

Sasa nataka uende. Nalisema wazi ili usije ukakaa ukijiuliza mama alitaka nini. Nataka uende Columbus, ukae na Wakenya wako, usome hiyo kemia nisiyoielewa. Tantine atanipeleka hospitali, Mama Mchungaji atanipikia ile supu yake mbaya. Na nikuambie la pili, maana nimeahidi hakuna kilichofichwa: naogopa kubaki peke yangu ndani ya nyumba hii. Naogopa sana. Usiku nahesabu sauti zako, bomba, mlango, kikohozi. Yote mawili ni kweli na sijui kuyapatanisha. Ukienda sitasema umenitupa. Ukibaki sitasema umejiharibia. Lakini mimi sitachagua kwa niaba yako. Mara ya mwisho tulikuchagulia, tukakunyima kumwona papa yako wakati uso wake bado ulikuwa wake. Ulimwona kwenye jeneza, amepakwa poda. Siwezi kukurudishia.

Kitu kimoja nakidai, na hapa mimi ni mama, siombi. Siku ikifika, watu wetu watataka kukupigia waseme, "Mama anagonjwa kidogo, njoo nyumbani." Watasema kwa upendo. Nimemwambia Mchungaji mbele ya mke wake kwamba hapana. Atakupigia yeye mwenyewe, atataka kujua kwanza uko na nani, kama uko peke yako atamtuma yule shemasi anayekaa Clintonville, huko huko Columbus, afike mlangoni kwako, na akifika tu Mchungaji atasema neno lenyewe: amekufa. Hatasema amelala, hatasema ametutangulia. Alikataa, akasema si desturi. Nikamwambia mikono ya kukushika ndiyo desturi, na mikono hiyo itakuwepo. Akakubali. Na hali yangu ikiwa mbaya kabla ya hapo, atasema mbaya, ili uamue kama unakuja. Mtu mwingine yeyote akikuambia "anagonjwa kidogo," mpigie Mchungaji.

Na simu yangu nimemwambia Tantine aizime siku hiyo hiyo. Hakuna atakayekuandikia kwa jina langu.

Nasikia vizuri utakachotaka kuniambia: kwa nini karatasi, Mama, kwa nini usingeniambia tu. Una haki. Kwa hiyo sitaiweka ndani ya valizi uikute umeshafika, peke yako, kwenye kitanda cha kigeni. Ukirudi na nywele zako nitakukalisha mezani jikoni nikupe mkononi, na mimi nitakaa kiti cha mbele yako. Simu nimezima. Sitainuka kupika, sitajifanya natafuta chumvi.

Umemaliza kusoma. Mikono yangu iko mezani. Inua macho, Mapendo, uliza lolote.